Kufufuka kwa Lenzi za Zamani

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi, ingawa kidonda. Katika ulimwengu wa vyombo vya sayansi, methali hii huonekana kuwa na nguvu maradufu. Darubini mpya huishinda ya zamani, mizani mpya huishinda iliyoitangulia, na ni nadra kumpata mhandisi anayetamani kurudi nyuma. Hata hivyo, katika tawi moja la elimu ya nuru limetokea jambo linalostahili kuchunguzwa. Tangu mwanzoni mwa karne ya 21, viwanda vya Ujerumani, Japani, Urusi na Uchina vimetengeneza upya lenzi za kamera ambazo michoro yake ilibuniwa miaka 50, 70, hata 90 iliyopita.

Lenzi hizo hazitengenezwi kwa ajili ya makumbusho. Hutengenezwa zipate kutumika, na wapiga picha huzinunua wakijua fika kwamba lenzi za kisasa huzishinda katika karibu kila kipimo cha maabara. Wenye kuzipenda husema kwamba picha zake zina upole fulani, kwamba uso wa mtu hung'aa kwa utulivu, na kwamba vitu vilivyo mbali nyuma yake huyeyuka taratibu. Je, upole huo ni jambo la kweli linaloweza kuelezwa kwa sheria za fizikia, au ni mapenzi tu ya mambo ya kale? Swali hili si dogo, kwani hutufundisha namna sayansi inavyotenganisha sababu mbalimbali zilizochanganyika katika kitu kimoja.

Kamera ya kipima masafa

Lenzi zinazozungumziwa hapa ni zile zilizoundwa kwa ajili ya kamera zenye kipima masafa. Ili kuelewa chombo hiki, mwanafunzi na anyooshe kidole chake mbele ya uso, afumbe jicho moja, kisha alifumbue na kulifumba la pili. Ataona kidole kikihama kutoka upande mmoja hadi mwingine dhidi ya ukuta ulio nyuma yake. Kadiri kidole kinavyokuwa karibu na uso, ndivyo kinavyohama zaidi.

Kamera ya kipima masafa hutumia kanuni hiyo hiyo. Ina madirisha mawili yaliyotengana kwa sentimita kadhaa. Taswira kutoka katika madirisha hayo huletwa pamoja mbele ya jicho la mpiga picha, naye huzungusha lenzi mpaka taswira hizo mbili zilaliane na kuwa moja. Hapo pembetatu imekamilika: umbali kati ya madirisha unajulikana, pembe imepimwa, na kwa hiyo umbali wa kitu umepatikana. Katika kamera za aina ya Leica II na Contax, ambazo zote zilitolewa nchini Ujerumani mwaka 1932, kipima masafa kiliunganishwa na lenzi yenyewe, hata upimaji wa umbali na ulengaji wa fokasi vikawa kitendo kimoja.

Yafaa msomaji akumbuke jambo moja hapa, kwani litahitajika baadaye: katika kamera hii mpiga picha haoni kupitia lenzi inayopiga picha. Huona kupitia dirisha la pembeni. Kipima masafa huiamini lenzi, hakiwezi kuikagua.

Tatizo lililomkabili Bertele

Kamera ya Contax ilitolewa na kampuni ya Zeiss Ikon ya mjini Dresden, na lenzi zake zilitoka katika kiwanda cha Carl Zeiss mjini Jena. Mbunifu wa lenzi yake mashuhuri kuliko zote, iliyoitwa Sonnar, alikuwa Ludwig Bertele, aliyezaliwa mwaka 1900. Katika miaka hiyo filamu zilikuwa na hisi ndogo ya nuru. Mtu aliyetaka kupiga picha ndani ya nyumba au wakati wa jioni alihitaji lenzi yenye tundu pana.

Upana wa tundu huelezwa kwa namba inayopatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi kwa kipenyo cha tundu. Lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 50 na namba ya f/3.5 ina tundu la karibu milimita 14. Sonnar ya Bertele ya mwaka 1932 yenye urefu huo huo ilikuwa na namba ya f/1.5, yaani tundu la karibu milimita 33. Kwa kuwa nuru inayoingia hutegemea eneo la tundu, Sonnar hiyo iliingiza nuru zaidi ya mara 5 kuliko lenzi ya f/3.5.

Tundu pana, hata hivyo, huleta miale mingi isiyotii. Ili kuirudi miale hiyo, mbunifu huongeza vipande vya kioo. Na hapa ndipo lilipokuwa tatizo. Kila mahali ambapo nuru inatoka hewani na kuingia katika kioo, au inatoka katika kioo na kurudi hewani, sehemu yake huakisiwa. Kwa kioo cha kawaida sehemu hiyo ni karibu asilimia 4. Lenzi yenye nyuso 6 zinazogusa hewa hupitisha 0.96 ikizidishwa kwa yenyewe mara 6, ambayo ni karibu asilimia 78 ya nuru. Lenzi yenye nyuso 10 hupitisha karibu asilimia 66 tu.

Hasara hiyo ya nuru ingeweza kuvumilika. Kilichokuwa kibaya zaidi ni kwamba nuru iliyoakisiwa na uso mmoja hurudi nyuma, ikakutana na uso mwingine, ikaakisiwa tena na kuelekea kwenye filamu. Huko haitengenezi taswira, bali hutanda kama ukungu, na weusi wa picha hugeuka kijivu. Kila jozi ya nyuso huleta ukungu wake. Nyuso 6 zina jozi 15. Nyuso 10 zina jozi 45. Mwanafunzi wa hisabati atatambua mara moja kanuni inayotumika: idadi ya nyuso izidishwe kwa idadi hiyo iliyopunguzwa moja, kisha igawanywe kwa 2.

Bertele alilitatua tatizo hili kwa njia ya pekee. Alitumia vipande 7 vya kioo, lakini akaviunganisha kwa gundi katika makundi 3 tu. Mahali vipande viwili vinapogandishwa pamoja hapana hewa katikati, na uakisi huwa mdogo mno. Kwa hiyo lenzi yake yenye vipande 7 ilikuwa na nyuso 6 tu zinazogusa hewa. Lenzi ya Xenon ya f/1.5, iliyotolewa kwa ajili ya kamera za Leica mwaka 1936, nayo ilikuwa na vipande 7, lakini katika makundi 5, yaani nyuso 10. Tofauti hiyo ndiyo iliyoipa Sonnar weusi mzito na weupe safi uliosifiwa na wapiga picha wa wakati wake.

Safari ya mchoro mmoja

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mitambo ya kutengenezea kamera ya Contax ilichukuliwa na Umoja wa Kisovieti kuwa sehemu ya fidia ya vita. Kuanzia mwaka 1947 kiwanda cha Arsenal mjini Kyiv, nchini Ukraine, kilitengeneza kamera zilizofuata mchoro wa Contax, nazo zikaitwa Kiev. Lenzi za Sonnar zikapewa jina jipya la Jupiter. Mwanzoni zilitumia kioo kilicholetwa kutoka Ujerumani. Akiba hiyo ilipokwisha, wataalamu wa Kisovieti walilazimika kukokotoa upya mipindo ya vipande vyote ili ilingane na kioo cha nchini mwao. Tendo hilo lina funzo kubwa: mchoro wa lenzi hautengani na kioo chake, kama vile mapishi yasivyotengana na unga unaotumika.

Nchini Japani nako, kampuni ya Nippon Kogaku ilitengeneza lenzi za Nikkor, ambazo baadhi yake zilikuwa za nasaba ya Sonnar. Mwaka 1950 mpiga picha Mmarekani David Douglas Duncan, aliyekuwa akilitumikia jarida la Life, alizijaribu mjini Tokyo na kuzichukua hadi katika vita vya Korea. Picha zake zilisaidia kuzitangaza kazi za mafundi wa Kijapani duniani.

Pamoja na sifa hizo, mchoro wa Sonnar ulianza kupoteza nafasi yake katika lenzi za milimita 50. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa utando. Mwishoni mwa karne ya 19, Mwingereza Dennis Taylor alikuwa amegundua kwamba lenzi kuukuu ambazo uso wake umebadilika rangi hupitisha nuru nyingi zaidi kuliko mpya. Mwaka 1935 Alexander Smakula, akiwa katika kiwanda cha Zeiss, alipata hataza ya njia ya kupaka juu ya kioo utando mwembamba sana ndani ya chombo kisicho na hewa. Utando huo una unene wa robo ya urefu wa wimbi la nuru, yaani karibu sehemu 1 kati ya 10,000 ya milimita. Nuru inayoakisiwa na uso wa juu wa utando na ile inayoakisiwa na uso wa chini hukutana zikiwa zimepishana kwa nusu wimbi, zikapunguzana nguvu. Uakisi hushuka kutoka asilimia 4 hadi karibu asilimia 1.5. Matabaka mengi yakipakwa, hushuka chini ya hapo. Tangu wakati huo mbunifu hakuogopa tena kuwa na nyuso nyingi.

Sababu ya pili ilikuwa kamera yenye kioo cha kuakisi, ambayo humwezesha mpiga picha kutazama kupitia lenzi yenyewe. Kioo hicho huhitaji nafasi ya kuinuka kati ya lenzi na filamu. Katika kamera ya Nikon F ya mwaka 1959, umbali kutoka mahali lenzi inaposhikizwa hadi kwenye filamu ni milimita 46.5. Katika kamera ya Leica ya aina ya M, iliyoanza mwaka 1954, umbali huo ni milimita 27.8 tu. Kipande cha nyuma cha Sonnar ya milimita 50 hupenda kukaa karibu na filamu. Mbele ya kioo kinachoinuka na kushuka, hakikuwa na pa kukaa.

Kurudi kwa waliosahauliwa

Mabadiliko yalikuja pamoja na kamera za kidijiti. Mwaka 2004 kampuni ya Epson ilitoa R-D1, kamera ya kwanza ya kidijiti yenye kipima masafa. Mwaka 2006 ikafuata Leica M8. Mwaka 2008 Panasonic ilitoa kamera ya kidijiti yenye lenzi za kubadilishwa, ambayo kioo cha kuakisi kilikuwa kimeondolewa kabisa. Katika kamera za namna hiyo, nafasi kati ya lenzi na kihisi cha nuru ni fupi, mara nyingi karibu milimita 20 au pungufu. Kwa pete ndogo ya kuunganishia, karibu lenzi yoyote ya kamera ya kipima masafa huweza kutumika. Lenzi zilizokuwa zimelala makabatini zikapata kazi mpya, na bei zake zikapanda. Viwanda navyo vikaona kuwa kuna haja.

Mwaka 2006 Zeiss ilitoa C Sonnar ya milimita 50 yenye f/1.5, iliyotengenezwa na kampuni ya Cosina nchini Japani. Ilikuwa lenzi mpya iliyofuata wazo la Bertele, ikiwa na utando wa kisasa. Mwaka 2016 kampuni ya Lomography, kwa kushirikiana na kiwanda cha Zenit cha Krasnogorsk nchini Urusi, ilitoa upya Jupiter-3. Leica yenyewe ilirudia lenzi zake za kale: Summaron ya milimita 28, ambayo ilitoka mara ya kwanza mwaka 1955, ilirudi mwaka 2016, Thambar ya mwaka 1935 ilirudi mwaka 2017, Noctilux ya f/1.2 ya mwaka 1966 ilirudi mwaka 2021. Nchini Uchina kampuni ya Light Lens Lab ilichagua kuinakili Summicron ya milimita 35 ya mwaka 1958, ambayo ina vipande 8 katika makundi 6, na ambayo nafasi yake ilichukuliwa na nyingine yenye vipande 6 mwaka 1969.

Kasoro iliyo na faida

Sasa yafaa tulirudie swali letu. Upole wa picha za lenzi hizo unatoka wapi?

Nyuso za lenzi nyingi ni sehemu za tufe, kwa sababu umbo la tufe ndilo rahisi kusagwa kwa usahihi. Lakini tufe si umbo kamili kwa kazi ya kukusanya miale. Katika lenzi mbinuko ya kawaida, miale inayopita karibu na ukingo hupindwa kupita kiasi, ikakutana karibu zaidi na lenzi kuliko ile inayopita katikati. Hii huitwa kasoro ya tufe. Badala ya nukta moja ya nuru, hupatikana nukta iliyozungukwa na duara la ukungu. Katika lenzi ya kipande kimoja, tundu likipanuliwa mara 2, upana wa duara hilo huongezeka takriban mara 8. Ndiyo maana lenzi zenye tundu pana ni ngumu kubuniwa.

Mbunifu hutumia vipande vingine ili kuisahihisha kasoro hiyo, lakini katika lenzi nyingi za zamani zenye tundu pana masahihisho hayakukamilika. Kiasi kidogo cha kasoro hubaki tundu linapokuwa wazi kabisa. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, taswira dhahiri hufunikwa na utando hafifu wa nuru, ambao hupunguza ukali wa mikunjo na vipele vya ngozi. Pili, nukta zilizo nje ya fokasi nyuma ya mtu anayepigwa picha huwa na kingo laini zinazofifia, kwa hiyo huchanganyikana bila kugombana. Huo ndio upole unaosemwa. Ni jambo la kweli, na unaweza kupimwa.

Thambar ya Leica iliitumia kasoro hiyo kwa makusudi. Lenzi hiyo huja pamoja na kichujio chenye doa dogo katikati. Doa hilo huzuia miale ya katikati, ambayo ndiyo inayotengeneza taswira dhahiri zaidi, na kuiacha miale ya ukingoni, ambayo ndiyo yenye kasoro. Mpiga picha huongeza au hupunguza upole kwa kubadilisha upana wa tundu. Ama kweli, kuvuja kwa pakacha nafuu kwa mchukuzi.

Lakini kila nafuu ina gharama yake. Tundu la lenzi ya namna hii linapopunguzwa, miale ya ukingoni huzuiwa, na mahali pa fokasi bora huhama. Kwa anayetazama kupitia lenzi, hilo si tatizo kubwa, kwani huliona. Kwa anayetumia kipima masafa, ambacho hakioni kupitia lenzi, kosa hilo hupita bila kugunduliwa. Ndivyo ilivyo kwa C Sonnar. Zeiss yenyewe ilieleza wazi kwamba lenzi iliyorekebishwa kwa ajili ya f/2.8 italenga mbele kidogo ya mahali palipokusudiwa inapotumiwa kwa f/1.5. Mpiga picha aliyemlenga mtu jichoni huweza kukuta pua ndiyo iliyo dhahiri. Anayeipenda lenzi hiyo hujifunza tabia yake, akasogea mbele sentimita moja au mbili kabla ya kubonyeza.

Kunakili ni kuelewa

Mtu huweza kudhani kwamba kunakili lenzi ni kazi nyepesi, maadamu mchoro upo. La hasha. Ugumu wa kwanza ni kioo. Baadhi ya lenzi za miaka ya 1950 zilitumia kioo chenye thoriamu, madini yenye mnururisho, kwa sababu kilipinda nuru kwa nguvu bila kuzitawanya mno rangi zake. Baada ya miaka mingi mnururisho wake wenyewe hukigeuza kioo hicho kuwa cha manjano. Aina nyingine zilikuwa na risasi nyingi au aseniki, na kuanzia miaka ya 1990 viwanda vya kioo vilipunguza sana matumizi ya vitu hivyo ili kulinda afya na mazingira. Anayenakili hulazimika kutafuta kioo cha leo kilicho karibu na kile cha zamani, kisha akokotoe upya, kama walivyofanya wataalamu wa Kisovieti.

Ugumu wa pili ni usagaji. Noctilux ya mwaka 1966 ilikuwa na vipande viwili vyenye nyuso zisizo za tufe, vilivyosagwa kwa mashine iliyohitaji mkono wa fundi stadi sana. Kazi hiyo ilikuwa ya gharama kubwa, na lenzi zilizotengenezwa zilikuwa chache. Leo mashine zinazoongozwa na kompyuta hufanya kazi kama hiyo kwa usahihi unaoweza kurudiwa mara kwa mara.

Na hapa ndipo ilipo thamani ya kisayansi ya nakala. Lenzi ya mwaka 1958 ikitumiwa leo, picha yake hutokana na mambo matatu yaliyochanganyika. La kwanza ni mchoro wake. La pili ni vifaa vyake, yaani kioo na utando wa wakati ule. La tatu ni uzee wake: mikwaruzo, mvuke wa mafuta ulioganda ndani, gundi iliyoanza kuachia, hata kuvu wanaoota katika hali ya unyevu. Mwenye lenzi hiyo husema, "Hivi ndivyo walivyotengeneza zamani." Lakini huenda anachokisifu si kazi ya mbunifu, bali ni vumbi la miaka 60.

Nakala mpya huliondoa jambo la tatu. Ni mchoro uleule usio na uzee. Ukungu ukitoweka na upole ukabaki, basi upole ulikuwa wa mchoro. Vyote viwili vikitoweka, basi sifa zile zilikuwa za uzee. Cosina ilikwenda hatua moja mbele zaidi. Baadhi ya lenzi zake za Nokton Classic, zinazouzwa kwa jina la Voigtländer, zilitolewa kwa namna mbili zenye mchoro mmoja: moja ina utando wa tabaka moja, kama lenzi za zamani, na nyingine ina matabaka mengi. Anayezilinganisha mbele ya taa hiyo hiyo huona kazi ya utando peke yake. Kubadilisha jambo moja na kuyaacha mengine yote kama yalivyo ndiyo kanuni kuu ya jaribio lolote la kisayansi.

Hapana budi pia kutofautisha nakala na bidhaa bandia. Nakala hutaja jina la aliyeitengeneza na hukiri ilikotoka; bandia huazima jina la mwingine ili kumdanganya mnunuzi. Ya kwanza huongeza elimu, ya pili huivuruga.

Majaribio kwa darasa

Walimu wanaweza kuonyesha mambo haya kwa vifaa vichache. Kwa majaribio yote mawili, jua lisitazamwe wala lisikusanywe kwa lenzi.

Jaribio la kwanza. Chukua kioo cha kukuzia chenye kipenyo cha sentimita 5 na urefu wa fokasi wa sentimita 10 hivi. Katika chumba chenye giza kiasi, pata taswira ya dirisha la mbali kwenye karatasi nyeupe. Funika lenzi kwa kadi yenye tundu la sentimita 1 katikati, tafuta mahali ambapo taswira ni dhahiri zaidi, na upime umbali kutoka kwenye lenzi. Kisha ondoa kadi, bandika duara la karatasi nyeusi lenye upana wa sentimita 3 katikati ya lenzi, na utafute tena mahali bora. Wanafunzi wataona kwamba sasa karatasi imesogea karibu na lenzi kwa milimita kadhaa, na kwamba taswira ni laini zaidi. Tofauti hiyo ya umbali ndiyo kasoro ya tufe, na ndiyo pia inayohamisha fokasi.

Jaribio la pili. Washa mshumaa mbele ya kioo hicho hicho na utazame kwa upande wa mwali. Miali miwili midogo itaonekana ndani ya kioo, mmoja umesimama wima na mwingine umepinduka. Kila mmoja umeakisiwa na uso mmoja. Ikipatikana lenzi ya kamera kuukuu, wanafunzi wahesabu miali inayoonekana ndani yake na kutazama rangi zake. Miali yenye rangi ya zambarau au ya buluu huonyesha kuwa uso umepakwa utando. Mweupe na mkali huonyesha uso usiopakwa. Kwa njia hiyo, hata bila kuifungua lenzi, mtu huweza kukisia idadi ya nyuso zake na zama zake.

Mwisho

Wapenzi wa lenzi zilizofufuliwa hawakatai maendeleo. Wametambua kwamba lenzi hukidhi haja nyingi zinazoshindana, na kwamba mbunifu anaposahihisha jambo moja huliacha jingine. Lenzi ya leo inayoonyesha kila unywele ni chombo bora cha kunakilia hati au kuchunguzia wadudu. Uso wa bibi kizee aliyekaa mlangoni jioni huenda ukahitaji kitu kingine. Mwanafunzi anayeelewa ni kwa nini kingo za picha hufifia, na ni mwale upi uliosababisha, ataweza kuchagua chombo kwa ujuzi, wala hatatishwa na upya wa kitu au kulevywa na ukale wake.